Jinsi Tulivyoipa Mashine Masikio

Vijana wa ofisi wameniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani. Nilipowauliza zamani ni lini, mmoja akajibu bila haya: "Mbele WhatsApp ifike, Mama." Basi nitaandika ya kabla ya WhatsApp, na kidogo ya baada yake. Habari za vyeo mtazikuta kwenye dosye yangu, faili langu la kazi, kama panya wameziacha. Hapa nataka kueleza mashine tulizokuwa nazo, Papa Kakule aliyenifundisha, na mama mmoja wa Kamango.

Naitwa Katungu. Kwetu Wanande wa mashariki ya Kongo jina hilo peke yake linakuambia mimi ni msichana wa tano wa mama yangu. Majina yetu yanafuata mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Wasichana wanaanza na Masika, kisha Kavira. Mvulana akizaliwa nyuma ya wasichana anaitwa Muhindo, maana yake mambo yamegeuka. Ukisimama katika soko la Butembo ukaita "Kambale!", nusu ya soko itakutazama. Kwa mama anayeita watoto wake kula, mpango huu ni mzuri sana. Kwa mwandishi wa programu ni balaa, lakini siku ya kwanza hilo sikulijua.

Siku ya kwanza nilifika na sweta mbili, maana asubuhi ya Butembo haina huruma. Nilikuwa na diploma ya informatique na programu nyingi nilizoziandika kwa kalamu, kwa sababu shuleni kwetu ordinatere, yaani kompyuta, zilikuwa chache kuliko walimu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya depo ya dawa ya kanisa. Kutoka depo hiyo dawa zilikwenda kwenye vituo vya afya hadi Manguredjipa. Mezani palikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitenge. Papa Kakule, ambaye kabla ya ordinatere kuja alikuwa akitengeneza redio za wafanyabiashara, alikifunua polepole, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala.

"Unajua kuandika programu?" akaniuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Muzuri. Leo hapana andika. Enda uikale kwa mama wa depo, uangalie namna anafanya kazi. Kesho vilevile."

Nilikasirika. Sikuwa nimesoma miaka yote hiyo ili nikae juu ya katoni ya serumu nikimtazama mama akihesabu vidonge. Lakini nilikaa, na kabla ya juma kwisha nilikuwa nimeona jambo ambalo hakuna profesa aliyewahi kuniambia. Yule mama alishika katoni kwa mkono wa kushoto saa zote. Hakuiweka chini hata mara moja, kwa sababu chini palikuwa na maji. Basi programu yoyote iliyodai mikono miwili ingemshinda, na angerudi kwenye makaratasi yake, na angekuwa na haki. Programu yangu ya kwanza ilitumia tarakimu tu, za upande wa kulia wa klavye, ule ubao wa vitufe. Mama wa depo aliijua asubuhi moja. Mpaka leo, nikimwona kijana anaanza kuandika kabla hajaenda kukaa na mtu atakayeitumia, namkumbuka yule mama na katoni yake.

Papa Kakule alikuwa na desturi zake, na nyingi nimezifanya zangu. Alinisomesha programu kwa sauti. Ukimaliza kuandika, unamsomea mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, kama unavyosoma barua ya ndugu. Ukifika mahali ulimi unakwama, hapo ndipo penye kosa. Hakuangalia hata skrini, alifumba macho na kusikiliza. Mara nyingi nilianza kusema "hapa mashine inachukua ile..." nikanyamaza mwenyewe, nikaenda kurekebisha, naye akabaki amefumba macho, pengine kweli amesinzia.

Courant, umeme wa mji, ilikuja ilivyotaka, na groupe yetu, ile jenereta, ilikunywa mafuta kama bwana harusi. Kwa hiyo alinifundisha kutoiamini saa yoyote ijayo. Kila mstari ukiingia, programu iuandike kwenye disketi palepale, isingoje mtu aikumbushe. Na kila juma nakala moja ilishuka Beni, ndani ya mfuko wa plastiki, kwa dereva wa lori la kanisa. "Nakala ikilala nyumba moja na mama yake," alisema, "moto utazila zote mbili." Leo nakala zinapanda angani, nanyi mnacheka habari ya lori. Chekeni tu. Lakini ulizeni huko angani ni nyumba ya nani, na kama mnayo nyingine.

Kisha ikaja miaka ya watu kukimbia. Sitaieleza vita, wapo waliozaliwa kwa kuieleza. Nitaeleza tu ilivyoonekana dirishani kwetu. Watu walifika Beni na Butembo wakiwa wamepotezana njiani, baba huku, mtoto kule. Kanisa likaanza kuandikisha watoto waliofika peke yao, na wazazi waliokuwa wakitafuta. Papa Kakule nami tukaambiwa tuandike programu ya kuwakutanisha.

Ya kwanza ilikuwa mbovu, ingawa ilifanya yote tuliyoiagiza. Uliandika jina, mashine ikatafuta jina hilohilo, herufi kwa herufi. Ukiandika Kambale Mulekya, ilikuletea Kambale Mulekya wote wa nchi hii. Au ilisema hakuna, kwa sababu kule Beni mwandishi alikuwa mtu wa Kinshasa na aliandika Murekia, jinsi sikio lake lilivyosikia. Mtoto yupo, mzazi yupo, na herufi moja imekaa katikati yao kama barrière, kizuizi cha polisi barabarani.

Papa Kakule alitafakari jambo hilo siku kadhaa, akichezea bisibisi. Kisha akaniambia: "Katungu, hii mashine iko na macho tu. Tuipatie masikio."

Tukaipa. Tuliiambia kwamba r na l ni sauti moja, kwa sababu vinywani mwetu ni moja. Kwamba h ya Muhindo inaweza kupotea, na Kavugho ni Kavuo, na y na i ni ndugu. Mashine ikaacha kulinganisha herufi, ikalinganisha sauti. Tulikaa mchana kutwa tukitamkiana majina ya jamaa zetu wote na kuangalia kama inayasikia. Nimeona mengi tangu hapo: simu zenye nguvu kuliko ofisi yetu yote ya wakati ule, na sasa mashine zinazoandika programu zenyewe ukiziomba vizuri. Nazistaajabia kweli. Lakini siku ile skrini ya kijani ilipomletea Papa Kakule jina la shangazi yake ingawa tulikuwa tumeliandika vibaya, nilipiga makofi kama mtoto.

Tukagombana na chef, mkuu wa ofisi yetu, kwa sababu ya neno moja. Chef alitaka majina yakilingana skrini iandike AMEPATIKANA, kwa herufi kubwa, ili wageni wa kutoka mbali wakija waone kazi. Papa Kakule akakataa.

"Itaandika LABDA," akasema.

"Kakule, labda haina furaha. Batu banakuja hapa juu ya furaha."

"Chef, hii mashine haijaona mutoto. Imesikia jina tu. Mama akisoma AMEPATIKANA, na akafika kule akute mutoto wa mwenzake, weye utamuambia nini?"

Chef akasema basi, iwe labda, lakini iwe kubwa. Ndivyo ilivyobaki.

Yule mama wa Kamango alikuja asubuhi ya mvua. Alikuwa amekimbilia Uganda, kisha akarudi kwa njia ya Kasindi, akapita Beni bila kusimama hadi Butembo, kwa kaka yake wa kanisa. Alivaa koti la mwanamume. Hakukaa mpaka nilipomwomba mara ya pili.

"Natafuta mutoto wangu," akasema. "Muhindo. Muhindo Mulekya. Iko mudogo, hajaanza shule. Tulikimbiaka usiku, batu bakatusukuma, mukono ikatoka."

Niliandika. Mashine ikafikiri, kisha ikaleta LABDA mbili, zote za Beni. Mmoja ameandikwa Muhindo Mulekya, sawasawa. Wa pili ameandikwa Muindo Murekia. Nikampigia mwenzetu wa Beni, Sylvain, atutumie picha zao kwa internet ya satelite, ambayo chef alikuwa ameipata karibuni na alikuwa akiilinda kama dada yake.

Ninyi mnaopata picha kabla hamjaiomba, hamjui picha ilivyokuja wakati ule. Ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama pazia linalofunguliwa na mtu mvivu. Ile ya kwanza ikaanza. Nywele. Paji la uso. Nyusi. Mama yule alisimama nyuma yangu, nikihisi pumzi yake shingoni. Macho yakatokea, makubwa, ya mvulana wa miaka kumi hivi.

"Hapana," akasema, kwa sauti ndogo. "Huyu iko na mama yake mwingine." Kisha akaongeza, kana kwamba mtoto alimsikia: "Mungu amusaidie amupate."

Na huyo ndiye aliyeandikwa sawasawa. Papa Kakule hakunitazama. Hakuhitaji.

Picha ya pili ikaanza kushuka. Nywele tena, zimepakwa vumbi. Paji. Ncha ya sikio la kulia, lililosimama mbali na kichwa kama mlango ulio wazi. Hapo mvua ikazidi, na satelite ikakata. Picha ikasimama kwenye nyusi.

"Njo yeye, ni mutoto wangu," akasema mama.

"Mama, tungoje macho," akasema Papa Kakule.

"Papa, ngoja weye. Ile sikio niliizaa mi."

Papa Kakule alimwelewa, nadhani, lakini hakutaka sikio peke yake liamue. Akachukua simu, akampigia Sylvain, akamwomba amlete mtoto. Tukasubiri, kisha akampa mama simu. Mvua ilipiga mabati hata ikabidi mama azibe sikio la pili kwa kiganja. Nilisikia sauti ya Sylvain ikisema "sema, sema na mama." Mama akazungumza Kinande, maneno ya nyumbani ambayo sitayaandika hapa. Kisha, kwa mbali, sauti ya mtoto aliyekasirika:

"Mama, viatu yangu ilibaki."

Mama yule akacheka. Alicheka akaketi chini, sakafuni, koti lote likamfunika, na kile kicheko kikageuka. Mimi nilijifanya kutengeneza waya chini ya meza. Chef, aliyekuwa mlangoni, hakusema neno juu ya bei ya simu.

Ningemaliza hapo, na kwa miaka mingi nilipoisimulia niliishia hapo. Lakini haikuishia hapo. Tulipompa chai, Papa Kakule akavuta kiti karibu naye. Akamuuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Mama, Muhindo anazaliwaka nyuma ya dada. Dada yake iko wapi?"

Mama akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Niliogopa kuomba mbili," akasema. "Nilimuambia Mungu, ukinipatia mutoto mudogo, sitakusumbua tena."

"Jina yake?"

"Masika."

Alikuwa msichana mkubwa kidogo, wa kubeba maji na mdogo wake pia. Yeye ndiye aliyekuwa mbele kabisa siku ile walipokimbia. Niliandika jina. Skrini ikajaa Masika, nikageuza ukurasa, Masika tena. Tukawapitia mmoja mmoja, tukimuuliza mama mwili, kijiji, nguo. Mvua ilikatika, satelite ikarudi, macho ya Muhindo yakatokea kwenye picha iliyokuwa imesimama, na hakuna aliyeyatazama. Mpaka jioni hatukumpata Masika wake.

Muhindo alipanda kutoka Beni kwa gari la kanisa, amevaa viatu vya plastiki ambavyo Sylvain alimnunulia, vikubwa mno. Mama alimpokea kwa magoti. "Wasingya," alituambia, asante, akaondoka naye mgongoni, ingawa alikuwa mzito.

Kesho yake Papa Kakule alinikuta nimeshaanza. Hata sikuhitaji kumweleza. Majina yetu, yaliyokuwa yakitusumbua tangu mwanzo, yalikuwa yakituambia kitu nasi hatukusikia. Mtoto akiitwa Kasereka, mahali fulani kuna Paluku na Kambale. Wako hai au wamekufa, wako hapa au ng'ambo, lakini wapo. Tukaandika hivyo ndani ya programu. Tangu siku ile, mtu akiandika jina, mashine yenyewe iliuliza: "Na mkubwa wake yuko wapi?" Na mzazi aliyekuwa na aibu ya kuomba wawili hakuhitaji tena kuomba, kwa sababu alikuwa ameulizwa. Kasereka kwa Kambale, Kavira kwa Masika, watoto walianza kupatikana wakifuatana. Sylvain alinipigia simu mara moja kuniambia kwamba mvulana mmoja wa kituoni, akiulizwa na skrini kuhusu kaka yake, alimwonyesha kwa kidole. Alikuwa amelala kitanda cha pili. Waliletwa siku tofauti, majina yao ya pili yakaandikwa tofauti, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na homa, hakuna mkubwa aliyejua kuwa ni ndugu.

Katika yote niliyoandika maishani, swali lile ndilo ninalolipenda zaidi. Ni mistari michache. Kijana wa leo angeiandika akila ndizi. Lakini ilihitaji mzee mmoja avute kiti.

Papa Kakule alistaafu kabla yangu, akarudi Alimbongo, analima viazi. Simu yake ni ile ya vitufe. Nikimwuliza kwa nini hanunui nyingine, ananiambia hii inapiga na inapokea, kazi nyingine ya simu ni ipi. Nilichukua kiti chake. Disketi ziliondoka, skrini ya kijani ikaondoka, vijana wakaja na programu za simu zinazofanya kazi hata msituni bila réseau, zikihifadhi kila kitu mpaka zipate mawimbi. Nilifurahi mno kuona hilo: wamerithi kutoiamini saa ijayo, bila hata kujua wamerithi kwa nani. Wakiniuliza lugha gani ya programu ni bora, nawajibu ni ile ambayo mwenzako ataisoma siku wewe una malaria. Na mashine ikikuandikia programu, isomee mtu kwa sauti. Ulimi bado unakwama palepale.

Miaka ya mwisho tulimpata Esther, mhandisi mwenzangu, mwepesi wa akili na mzito wa kusema. Ndiye aliyeandika upya programu yote ya kutafuta watu. Nilimwogopea kidogo, maana anayeandika upya hutupa vingi. Nikakuta ameacha kila jina la zamani, hata yale ambayo hakuna aliyeyauliza tangu enzi ya disketi, na ameongeza majina ya upande wa Uganda, kwa sababu Wakonzo wa kule wanaita watoto wao kama sisi. Sikumfundisha hilo. Alilifikiria mwenyewe.

Mama wa Kamango alibaki Butembo. Anauza vitunguu. Muhindo ni fundi wa umeme sasa, mrefu, sikio lake limefichwa na kofia. Siku za soko mama anapita ofisini kuuliza kama kuna habari ya Masika. Miaka yote hiyo nilimkaribisha kwenye kiti kando ya meza yangu, nikamgeuzia skrini ili aone ninachoandika, tukatafuta pamoja. Hatujampata. Sitawadanganya: yapo majina ambayo mashine yenye masikio bora kuliko zote bado haijayasikia.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa siku ya soko. Vijana walileta keki, chef mpya alisema maneno, nikakusanya vitu vyangu ndani ya mkoba. Nilikuwa na wasiwasi mmoja: nani atampokea yule mama, na nitamweleza vipi kwamba kuanzia juma lijalo amwendee mtu mwingine. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu tangu asubuhi. Akaingia, amebeba vitunguu vyake kichwani, akanisalimia vizuri, akaniuliza hali ya mguu wangu.

Kisha akapita meza yangu. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Esther, ambaye alikuwa tayari amevuta kiti na kugeuza skrini.

"Ikala, Mama," Esther akasema. "Bameniletea majina mapya toka ng'ambo. Sijafungua, nilikuwa nakungojea."

Nikabaki nimesimama katikati ya chumba na mkoba wangu. Hakuna aliyenihitaji. Vichwa viwili viliinama mbele ya mwanga, na mama wa Kamango akaanza kusoma kwa sauti.